Maswali Yenu ya Kiingereza: Kuazima Kwetu Kumoja, Kwao Kuwili

Mwezi huu barua na meseji zimekuja nyingi, zaidi kutoka Ujiji na Kigoma mjini, chache Kasulu na Uvinza, moja Tabora, na karibu zote zinauliza kitu kilekile: kuna maneno mawili ya Kiingereza yanafanana, sasa nitumie lipi. Nimezisoma zote nikiwa hapa Mwanga, Kigoma, na nimeona kuna jambo linajirudia ndo maana nimeziweka pamoja. Sisi tukitaka kugeuza maana ya kitendo tunagusa mkia wa neno tu, kukopa inakuwa kukopesha, kusikia inakuwa kusikiliza, kukumbuka inakuwa kukumbusha. Kiingereza mara nyingi hakina huo mkia, kinaacha neno lote na kuchukua jingine, kwa hiyo hear na listen, remember na remind, wala huwezi kuotea kwamba ni ndugu. Hayo tukishayajua hayatusumbui sana. Yanayotusumbua ni yale ambayo kwetu ni neno moja na kwao ni mawili au matatu, maana hapo Kiswahili hakikupi onyo lolote.

Tuanze na mama huyu.

"Shikamoo mwalimu. Nina duka la madaftari hapa Ujiji, mwanangu yuko kidato cha 2, kaandika borrow me your pen, mwalimu wake kapiga mstari mwekundu hajasema kosa ni nini. Mimi niliishia la saba lakini nikiitazama hiyo sentensi naona iko sawa, si ndo niazime kalamu yako?" Mama wa duka, Ujiji.

Marahaba mama. Mwanao hajakosea kwa uvivu, Kiswahili ndo kimemshika mkono kikampeleka hapo. Angalia tunavyosema: nimeazima jembe kwa jirani, hapo jembe limekuja kwangu. Jirani naye akisimulia anasema nimemwazima jembe, hapo jembe limetoka kwake. Neno ni lilelile linakwenda na kurudi kama mtumbwi, na sisi wala hatuchanganyikiwi kwa sababu tunaona nani anasema na nani anapewa. Kiingereza kimeweka neno moja kila upande. Borrow ni la anayepokea, lend ni la anayetoa. Kwa hiyo mwanao anaweza kusema Can I borrow your pen, yaani mimi ndo nitapokea, au Lend me your pen, yaani wewe ndo utatoa. Borrow me haipo kwenye Kiingereza sanifu.

Sasa nikupe njia ya kumsaidia jioni mkiwa dukani. Kuazima kunamdanganya, kukopa hakumdanganyi. Mwambie kabla ya kuandika aweke kukopa au kukopesha kwenye ile sentensi yake hata kama ni kalamu. "Nikopeshe kalamu", inakaa, basi hiyo ni lend. "Nikope kalamu" kwa maana ya wewe unipe, hakuna mtu Ujiji nzima anayesema hivyo, sikio lenyewe linakataa, basi na borrow me nayo ikataliwe hivyohivyo. "Naweza kukopa kalamu", inakaa, hiyo ni borrow. Nimefundisha kwa njia hii miaka mingi na watoto wanaishika siku hiyohiyo.

Afu kuna kitu kizuri kwenye asili ya hayo maneno. Borrow limetokana na neno la zamani la Kiingereza lililohusu rehani, dhamana, na lend liko ukoo mmoja na loan yaani mkopo. Anayeweka rehani siku zote ni mkopaji, kwa hiyo borrow ni yule mwenye shida. Wakati uliopita lend inakuwa lent, borrow inakuwa borrowed, na ukitaja mtu weka from kwa borrow: I borrowed a hoe from my neighbour, my neighbour lent me a hoe. Na ukilipa hela sio kuazima tena, baiskeli ya kukodi kwa saa ni hire au rent.

Walimu wenzangu mnaosoma hapa nawaomba kitu kimoja kwa moyo wote, mstari mwekundu peke yake haumfundishi mtoto chochote, andikeni neno pembeni hata moja tu.

"Mambo mwalimu, mimi ni kijana wa Kibirizi natembeza wageni na boti. Juzi nawaeleza habari ya Liemba, meli ya zamani ya hapa Ziwa Tanganyika, nikasema the ship drowned in 1916, mgeni mmoja akasema sank, mwenzake akasema was sunk, wakaanza kubishana wao wenyewe mimi nimekaa katikati. Ipi ni ipi?"

Poa kijana wangu, na umeuliza swali ambalo mtu wa ziwani ndo anatakiwa alijue kuliko wote. Sisi tunasema meli imezama, jiwe limezama, mvuvi kazama, jua limezama. Kiingereza kinatenga. Drown ni kwa kitu kinachovuta pumzi, mtu au mnyama, na maana yake hasa ni kufa maji. Sink ni kwenda chini, jiwe, meli, nanga, hata jua wanaweza kulisemea hivyo. Meli haina mapafu kwa hiyo haiwezi ku-drown, abiria wake ndo wanaweza. Ukikumbuka kwamba tuna neno kufa maji na ile methali ya mfa maji haachi kutapatapa, basi popote unapoweza kusema kufa maji weka drown, pengine pote weka sink.

Hapa kuna hatari ambayo wengi hawaioni. Ukisema kwa Kiswahili "jamaa alizama tukamwokoa" hakuna tatizo. Ukisema he drowned, Mwingereza anaelewa keshakufa, kwa hiyo ukiongeza and we saved him atabaki anakushangaa. Kama mliwahi, sema he nearly drowned. Kwenye habari ya ajali ziwani tofauti hiyo ni kubwa sana, mtu wa nje anaweza kupeleka msiba kwenye familia ambayo mtu wao yuko hospitali anakunywa uji.

Sasa ule ubishi wa wageni wako, wote wawili walikuwa na hoja. Meli ile ilitengenezwa Papenburg kule Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikaletwa kwa bahari mpaka Dar afu kwa reli mpaka hapa, ikaungwa na kushushwa majini 1915 ikiwa na jina la Graf von Götzen. Julai 1916 Wajerumani walipoona wanazidiwa waliizamisha wenyewe, na mashine zake wakazipaka grisi nzito ili zisiharibike. Waingereza wakaja kuiibua 1924 na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ukisema the ship sank unaeleza tu kwamba ilikwenda chini, ni kama kuzama. Ukisema the ship was sunk unaeleza kuna mtu kaizamisha. Umeona, kuzama na kuzamisha, sisi tuna mkia na wao hapa wanatumia sink moja kwa kazi zote mbili, inabidi sentensi yenyewe ioneshe. Kwa Liemba mimi ningesema was sunk, maana hakuna dhoruba iliyoipiga. Na kama unataka mgeni akuheshimu kabisa kuna neno lake maalum, scuttle, yaani kuizamisha meli yako mwenyewe kwa makusudi: The Germans scuttled her in 1916. Her ndiyo, meli wengi bado wanaiita yeye wa kike.

Huyohuyo kijana kauliza pia kama sokwe wa Gombe ni monkey. Hapana, na hili lishike sana kwa sababu wageni wanakuja kutoka mbali kwa ajili ya hao sokwe. Sokwe ni ape, hana mkia. Nyani, tumbili, mbega ni monkeys, karibu wote wana mkia. Kwa jina lake kamili sokwe wetu ni chimpanzee. Kiswahili chetu hapa kiko sawasawa tangu zamani, sokwe tumemtenga na nyani, ni pale tu tunapotafsiri tunamwaga wote kwenye monkey. Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, alipofika Gombe Julai 1960 na mwaka huohuo akamwona sokwe anaingiza jani kwenye kichuguu kuvua mchwa, dunia ilishtuka kwa sababu ilikuwa inaamini binadamu peke yake ndo anayetengeneza zana. Ukimwambia mgeni monkey unaipunguzia uzito habari yote hiyo.

Kutoka Tabora kuna mhudumu wa gesti.

"Mwalimu za kazi. Mgeni wetu alipotelewa na simu yake jirani na stesheni, mimi nikamsaidia kuandika maelezo kwa Kiingereza kwa niaba ya rafiki yake aliyekuwa naye maana na yeye walimchukulia begi. Nikaandika they stole my friend and they robbed my bag. Yule mgeni alivyosoma akacheka kidogo afu akarekebisha. Nilikosea wapi?"

Salama, na hongera kwa kuwasaidia wageni wakati wa shida. Ulichofanya ni kubadilishana maneno. Steal inafuatwa na kitu kilichochukuliwa, rob inafuatwa na mtu au mahali palipochukuliwa. They stole my bag, waliiba begi langu. They robbed my friend, walimwibia rafiki yangu. Kuiba na kuibia, mkia wetu uleule, angalia hiyo i imeingia tu na mtu akaonekana. Ukiandika they stole my friend maana yake wamembeba rafiki yako mzima wameondoka naye, ni utekaji huo, polisi wangeanza kumtafuta mtu badala ya begi.

Kuna jingine ndani yake. Steal liko ukoo mmoja na neno stealth, yaani kimyakimya, kwa kunyemelea. Rob lina nguvu au vitisho ndani yake, karibu na kupora au kunyang'anya. Kama simu ilichomolewa mfukoni kwenye msongamano wa abiria wa treni na mwenyewe kagundua baadaye, ni stolen. Kama walimzingira wakamwambia toa, ni robbed. Kwenye maelezo ya polisi au ya bima hayo mawili hayalingani kabisa kwa hiyo kabla hujaandika muulize mgeni, waliichukua ukiwa unajua au hujui? Nyumba ikivunjwa usiku wenyewe hawapo, wao wana neno jingine, burgle.

Kijana wa Gungu shabiki wa mpira anauliza kwa nini asiseme Mashujaa won Simba. Kwa sababu win inataka mechi, kombe au zawadi, na beat inataka mpinzani. Mashujaa won the match, Mashujaa beat Simba. Kwetu kushinda ni mechi na ni mpinzani, na ni kukaa kutwa pia, nimeshinda njaa, nimeshinda sokoni, hiyo ya mwisho wao wanasema spent the day. Beat haibadiliki wakati uliopita.

Sasa hili ninalipenda, limeletwa na mwanafunzi wa historia.

"Shikamoo mwalimu, nasoma kidato cha 4 Ujiji. Niliandika Stanley was finding Livingstone, nikakosa. Pia kwenye kitabu wameandika discovered kuhusu ziwa letu, find na discover si kitu kimoja?"

Marahaba mjukuu wangu. Anza na hilo la kwanza. Kutafuta ni look for, kupata ni find. Find ni pale mwisho tu, mkono unapokigusa kitu, kwa hiyo haiwezi kuchukua muda mrefu. Stanley alitumwa na gazeti la New York Herald, akaondoka pwani 1871, akafika Tabora akakwama karibu miezi 3 kwa sababu mtemi Mirambo alikuwa vitani na Waarabu wa pale na njia imefungwa, akazunguka kusini, muda wote huo he was looking for Livingstone. Siku aliyomkuta hapo Ujiji kwenu ndo he found him. Miezi yote ya vumbi na homa ni looking, ile siku moja ni found. Kosa hili nalisikia kila wiki, I am finding a job, I am finding my phone, vijana wanaliandika hadi kwenye barua za kuomba kazi na barua inawekwa pembeni kabla hawajasomwa sifa zao, inaniuma sana maana wengine nawajua uwezo wao. Andikeni I am looking for a job. Kazi ikishapatikana ndo uandike I have found a job.

Hilo la pili ni zito zaidi. Discover ni kukiona au kukijua kitu ambacho hakijajulikana. Find unaweza kupata hata funguo zako ulizoziangusha. Kwa hiyo mtu akichagua discover anadai kwamba kabla yake hakuna aliyejua. Burton na Speke, wasafiri Waingereza, walifika Ujiji Februari 1858. Walifika kwa njia ya misafara iliyokuwa inatumika, wakiongozwa na watu waliojua wanakokwenda, wakakuta mji wa biashara una Waarabu na una wenyeji, wavuvi wako majini. Ziwa lenye urefu wa kilomita karibu 670 lenye watu pande zote, leo nchi 4, haliwezi kugunduliwa na mgeni aliyeoneshwa njia. Mimi ningeandika reached Lake Tanganyika, walifika, au were the first Europeans known to reach it. Kwenye mtihani jibu swali lilivyoulizwa ili upate maksi zako, lakini kwenye insha yako mwenyewe andika reached. Kama unataka kutumia discover vizuri, lipo kubwa la kutumia hapahapa: vipimo vilipofanyika ikaonekana kina cha ziwa kinafika karibu mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya ziwa Baikal la Urusi. Hicho kweli hakikujulikana kabla.

Na ukiandika pembeni ya ziwa usiseme coast. Coast ni bahari, ziwa ni shore, mto ni bank, kwa hiyo Malagarasi ina banks na Tanganyika ina shore. Beach ni pale penye mchanga wa kukaa, hata ziwani.

"Mwalimu habari za siku. Mimi ni nesi Kasulu, tunafanya kazi na madaktari wa nje. Daktari mmoja alijikwaa nikamwambia sorry, akasema it's not your fault, nikaona kama kanikatalia. Na asubuhi akiwa amechoka nikamwambia sorry for work, hakuelewa kabisa."

Nzuri dada, na pole na kazi. Hapa ndo pole yetu ilipo na kwa kweli ni neno ambalo Kiingereza hakina. Sorry yao imebeba pole na samahani kwa pamoja, na mtu wa kwao akiisikia ghafla mara nyingi anakimbilia samahani, anadhani unajilaumu, ndo maana akakutuliza kwamba sio kosa lako. Hakukukatalia. Akijikwaa tena mwambie are you all right, hiyo ndo pole yake ya pale. Akifiwa au akiugua, I'm so sorry inaeleweka vizuri kuwa ni pole, hapo itumie bila wasiwasi.

Pole na kazi, pole na safari, haya hayatafsiriki, sorry kwa kazi inakuwa kama kazi ni msiba. Sema you must be tired, au how was the journey.

Ila kwako wewe wa hospitali kuna neno la kuliangalia zaidi ya yote, apologise. Hilo ni samahani tupu, halina pole hata tone. Ukimwambia ndugu wa mgonjwa I am sorry umempa pole. Ukimwambia I apologise umekiri kwamba kuna kitu mmekosea. Kwa kuchelewesha dawa, apologise ni haki yake. Kwa mgonjwa aliyefariki mkiwa mmefanya yote, sema sorry.

Ya mwisho ni fupi.

"Shikamoo mwalimu. Nipo Uvinza nimemaliza kidato cha 6 naandika barua ya kuomba ufadhili chuo cha nje. Nimeandika my father is late since 2022. Baba alikuwa mvuvi. Kaka yangu anasema sio sahihi ila hajui kwa nini."

Marahaba binti yangu, na pole sana kwa baba. Kaka yako yuko sahihi. Late ikikaa mbele ya mtu, my late father, ni marehemu. Ikikaa nyuma ya is, my father is late, kule itakaposomwa barua yako ni kachelewa, wataelewa kwamba yuko njiani anakuja. Hapa kwetu watu wanaisema na tunaelewana lakini msomaji wako hayuko hapa. Lately usiiguse, hiyo ni siku hizi. Na passed away ipo, ni kama kututoka, ila kwenye barua ya maombi died haina ukali unaouogopa, ni neno la kawaida na la heshima.

Andika hivi: My late father was a fisherman on Lake Tanganyika. He died in 2022. Weka nukta, afu mstari unaofuata anza na habari zako wewe.